Moyo umetibiwa, kizunguzungu kimebaki: uchambuzi wa kisa kimoja

Historia ya mgonjwa

Mgonjwa ni mwanamume wa miaka 61, mwalimu mstaafu katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Jina, mji, hospitali na tarehe vimeondolewa, na mambo machache yasiyogusa tiba yamebadilishwa ili asitambulike.

Kabla ya kupatwa na mshtuko wa moyo alikuwa na presha ya kupanda kwa miaka 12, akimeza amlodipini miligramu 10 kila asubuhi. Miaka 2 nyuma alianza tamsulosini miligramu 0.4 kila usiku kwa sababu ya tezi dume. Hakuwa na kisukari. Anaishi na mkewe na mtoto wao wa kiume. Choo cha nyumba kiko uani, na kwa ajili ya tezi dume alikuwa akiamka kwenda haja mara mbili au tatu kwa usiku. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini lilikuja kuwa na uzito.

Maumivu ya kifua yalimwanza alfajiri, na alifika hospitali ya mkoa baada ya saa 5 hivi. ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ilionyesha kwamba ukuta wa chini wa moyo ndio uliokosa damu. Akapewa streptokinezi, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, uniti milioni 1.5 kwa dripu ya muda wa saa 1, maumivu yakatulia, na siku ya 3 akahamishiwa hospitali kubwa. Huko ilionekana kwamba mshipa wa kulia wa moyo umebana sana, akawekewa stenti moja, kijibomba cha kuuacha mshipa wazi, kupitia mshipa wa mkononi. Eko, picha ya moyo ya ultrasaundi, ilionyesha moyo unasukuma damu kwa asilimia 52, ambayo si mbaya kwa mtu aliyetoka kwenye mshtuko. Kwa kuwa siku ya kwanza mapafu yalikuwa na maji kidogo, aliwekwa kwenye Lasix, dawa ya kutoa maji mwilini kwa njia ya mkojo.

Aliruhusiwa na aspirini miligramu 75 na klopidogreli 75 za kuzuia damu kuganda, atovastatini 40 ya kolesteroli, bisoprololi 5 ya kupunguza mapigo, lisinoprili 10 ya presha na moyo, Lasix 40, pamoja na kichupa cha vidonge vya nitroglisereni vya kuweka chini ya ulimi kifua kikiuma. Karatasi ya kuruhusiwa haikuitaja amlodipini wala tamsulosini. Haikusema aache, haikusema aendelee. Nyumbani akaendelea nazo zote mbili, kwa sababu ndizo dawa alizozizoea na hakuna aliyemwambia vingine.

Jinsi mambo yalivyokwenda

Kizunguzungu kilianza wiki ya 2 baada ya kurudi nyumbani. Mwanzoni kilimjia asubuhi akiinuka kitandani, na mchana dakika chache baada ya kula. Macho yanaingia giza, masikio yanavuma, anashika ukuta, kinapita. Msikitini hali ilikuwa mbaya zaidi: akiinuka kutoka kwenye sijda kurudi kwenye kisimamo alilazimika kumshika mtu wa pembeni. Wiki ya 4 akaongeza malalamiko mengine, kwamba usiku akigeukia upande wa kulia, chumba kizima kinazunguka kwa muda mfupi na kichefuchefu kinamshika.

Alirudi hospitali mara tatu. Kila mara alipimwa presha akiwa amekaa, ikawa nzuri. ECG ilifanywa, mapigo 54 kwa dakika, yakienda kwa mpangilio. Akaambiwa moyo uko sawa. Mara ya pili aliandikiwa sinarizini, mara ya tatu ikaongezwa betahistini, zote dawa za kizunguzungu, na maneno kwamba huenda ni wasiwasi tu. Sinarizini ilimlaza usingizi mchana kutwa, lakini kizunguzungu hakikuondoka.

Wiki ya 7 ndipo mambo yalipoharibika. Asubuhi moja, nusu saa hivi baada ya kumeza dawa zote za asubuhi kwa mkupuo, alisimama jikoni kizunguzungu kikamjia. Kifua hakikuuma. Lakini kwa kuwa aliamini kila kizunguzungu ni moyo unarudi, akatoa nitroglisereni, akaiweka chini ya ulimi akiwa bado amesimama. Hazikupita dakika mbili akaanguka, akagonga bega kwenye meza. Alizinduka baada ya muda mfupi.

Familia iliogopa, na ni haki yao kuogopa. Mkewe akasema vidonge vimezidi, mwili hauvibebi. Wakaamua kupunguza wenyewe: wakaacha bisoprololi na klopidogreli, kwa sababu ndizo zilizokuwa ngeni kwao, wakabakiza amlodipini kwa sababu ni ya zamani. Walichagua kinyume kabisa cha kile kilichotakiwa. Siku ya 4 bila bisoprololi moyo ulianza kumdunda kwa kasi, mtoto akampeleka kliniki ya moyo.

Tathmini ya kliniki

Jambo la kwanza lililofanywa halikuhitaji mashine. Mtoto aliagizwa arudi nyumbani alete kila kidonge kilichomo ndani, cha hospitali, cha duka la dawa na cha miti shamba. Mfuko ulipomwagwa mezani zilitoka dawa 11. Daktari na muuguzi wakazipanga kwa saa za kumeza, na picha ikaonekana papo hapo: dawa nne zinazoshusha presha zilikuwa zinamezwa kwa pamoja saa 1 asubuhi, tumbo tupu, na ya tano ikimsubiri usiku, wakati ule ule anaoamka kwenda uani. Aliulizwa pia faraghani kuhusu dawa za nguvu za kiume, kwa sababu zikikutana na nitroglisereni presha inaweza kuanguka kiasi cha kuua. Alisema hajatumia. Swali hilo linapaswa kuulizwa kila mara, na lisiulizwe mbele ya mke na mtoto.

Kisha akatakiwa aeleze kizunguzungu bila kutumia neno kizunguzungu. Muuguzi alimwuliza hivi: "Mwalimu, nyumba inazunguka, au macho yanaingia giza kama mtu anayetaka kuzimia, au unajiona unayumba kama uko kwenye ngalawa?" Akajibu zote tatu, ila kwa nyakati tofauti. Akiinuka, giza. Akigeuka kitandani, nyumba inazunguka. Akitembea sokoni, anayumba. Jibu hilo lilibadilisha mwelekeo wa uchunguzi wote, maana hadi hapo kila mtu alikuwa akitafuta chanzo kimoja.

Presha ilipimwa upya, safari hii kwa utaratibu kamili: alilala chali dakika 5, akapimwa, akasimama, akapimwa baada ya dakika 1 na tena baada ya dakika 3, muuguzi akiwa karibu asianguke. Amelala: 132/78, mapigo 68. Dakika 1: 108/66. Dakika 3: 104/64, mapigo 72. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, ndani ya dakika 3 za kusimama, hiyo ni presha ya kushuka kwa kusimama. Yake ilishuka kwa 28, tena akiwa ameacha bisoprololi siku 4.

Alilazwa kwenye kitanda cha uchunguzi kwa jaribio la Dix-Hallpike la kutafuta kizunguzungu kinachotoka sikioni, lililoelezwa na Margaret Dix na Charles Hallpike wa London mwaka 1952. Anakaa, kichwa kinageuzwa nyuzi 45 upande unaopimwa, halafu analazwa haraka kichwa kikining'inia kidogo nyuma ya ukingo wa kitanda, macho wazi. Upande wa kushoto haukuleta kitu. Upande wa kulia, baada ya sekunde 4 au 5 za utulivu, macho yalianza kuchezacheza kuelekea juu huku yakijisokota kuelekea sikio la chini, akapiga kelele kwamba chumba kinageuka, na baada ya sekunde 20 hivi yakatulia yenyewe. Ukimya huo wa mwanzo, mzunguko huo wa macho na kukoma huko kwenyewe ni alama za chembe za sikio: vijiwe vidogo vya chokaa vilivyobanduka mahali pake na kuingia kwenye mfereji wa nyuma wa sikio la ndani. Huwapata sana watu wa umri wake, na kulala kitandani siku nyingi kunachangia.

Damu: himoglobini 13.4, figo nzuri, sodiamu 133, ambayo iko chini kidogo, potasiamu 4.4, sukari ya kawaida. Himoglobini lazima ipimwe kwa kila anayemeza aspirini na klopidogreli akalalamika kizunguzungu, na aulizwe kama choo kimekuwa cheusi kama lami, kwa sababu tumbo linaweza kuvuja damu kimyakimya.

Alirudishiwa klopidogreli na bisoprololi siku hiyo hiyo. Wiki iliyofuata alivalishwa mashine ya Holter, inayorekodi mapigo ya moyo mfululizo, kwa saa 24, akipewa daftari la kuandika saa ya kila kizunguzungu. Mapigo ya chini kabisa yalikuwa 43, akiwa usingizini. Hakukuwa na kusimama kwa mapigo kwa muda wa kutisha wala kukatika kwa njia ya umeme wa moyo. Aliandika vizunguzungu 3, na katika vyote 3 moyo ulikuwa unapiga kwa mpangilio. Hilo ndilo lenye thamani. Holter safi ya siku ambayo mgonjwa hakupata kizunguzungu haijibu swali lolote. Kwa mtu aliyeumia ukuta wa chini wa moyo kipimo hiki si anasa, kwa kuwa mshipa wa kulia, kwa watu wengi, ndio unaolisha kituo cha umeme kilicho kati ya vyumba vya juu na vya chini vya moyo.

Maamuzi na sababu zake

Kwanza yalipangwa yale yasiyoguswa. Klopidogreli na aspirini pamoja, miezi 12 kamili tangu stenti iwekwe, isipokuwa itokee damu kuvuja, na hata hapo anayeamua ni daktari wa moyo. Stenti changa ikikosa dawa hizi inaweza kuziba kwa ghafla, na hapo mgonjwa hapewi onyo la kizunguzungu. Anapata mshtuko mwingine. Familia ilielezwa hivyo waziwazi, bila kukaripiwa.

Halafu likaja suala la dawa za presha. Mtu akisimama, nusu lita ya damu au zaidi huteremkia miguuni na tumboni. Mwili wenye afya hujibu kwa kubana mishipa na kuongeza mapigo. Kwa mgonjwa huyu kila jibu lilikuwa limefungwa na kidonge chake: Lasix imepunguza maji kwenye mishipa, amlodipini imelegeza mishipa, tamsulosini imezuia ishara ya neva inayoibana, lisinoprili imezuia homoni inayosaidia kubana na kubakiza chumvi, na bisoprololi imezuia moyo usikimbie. Hakuna hata moja iliyokuwa kosa ikisimama peke yake. Kosa lilikuwa kwenye jumla.

Uamuzi ulikuwa kugusa dawa moja kwa wakati, kila wiki moja. Lasix iliondolewa kwanza: mapafu yalikuwa makavu, miguu haijavimba, moyo unasukuma vizuri, na sodiamu imeanza kushuka. Sharti likawa apime uzito kila asubuhi baada ya haja ndogo, kabla ya chai. Ukipanda kilo 2 ndani ya siku 3, au akianza kukosa pumzi akilala chali, arudi. Wiki iliyofuata amlodipini ikashushwa hadi miligramu 5, na baada ya wiki 2 ikaondolewa, kwa sababu lisinoprili inalinda moyo uliopata mshtuko na amlodipini haina kazi hiyo. Lisinoprili ikahamishiwa saa 12 jioni. Haikupelekwa wakati wa kulala, ili isikutane na tamsulosini katika safari za uani. Tamsulosini ilibaki, baada ya kushauriana na daktari wa mkojo, imezwe mara tu baada ya chakula cha jioni. Kuiacha kungeweza kumfungia mkojo. Chombo cha kukojolea kikawekwa chumbani.

Bisoprololi ilishushwa hadi miligramu 2.5. Hapa palikuwa na mjadala wa kweli. Daktari mmoja alitaka ibaki 5, kwa kuwa ni miezi michache tu tangu mshtuko na mgonjwa alishaonja mapigo ya kasi alipoiacha ghafla. Mwingine alitaja utafiti wa REDUCE-AMI wa mwaka 2024, uliofanywa zaidi Sweden, ambao haukuona kwamba betabloka (kundi la dawa ambalo bisoprololi imo) za muda mrefu zinapunguza vifo au mshtuko mpya kwa wagonjwa ambao moyo wao unasukuma kwa asilimia 50 au zaidi. Kushusha nusu bila kuacha ulikuwa uamuzi wa busara kwa hali hiyo.

Sinarizini na betahistini ziliondolewa. Sinarizini inatuliza kizunguzungu kwa kuulaza mfumo wa mizani, na ubongo uliolazwa haujifunzi kujirekebisha. Kwa wazee, ikitumika muda mrefu, inaweza pia kuleta mtetemo na ukakamavu wa mwili.

Kwa chembe za sikio ilifanywa mbinu ya Epley, iliyochapishwa na John Epley wa Marekani mwaka 1992. Kwa sikio la kulia inakwenda hivi: mgonjwa anakaa kitandani, kichwa nyuzi 45 kulia, analazwa na mto chini ya mabega ili kichwa kilegee nyuma, anasubiri sekunde 30 hadi 60 mpaka mzunguko uishe, kichwa kinageuzwa nyuzi 90 hadi kitazame kushoto, anasubiri tena, anaviringika ubavu wa kushoto, pua ikielekea sakafuni, anasubiri, halafu anainuliwa taratibu akae, kidevu kikiwa kimeinama. Wengi wanaoshindwa nyumbani hushindwa kwa kuharakisha, au kwa kutibu sikio lisilo lenyewe. Mwenye shingo mbovu asifanye bila mtaalamu. Na kwa mgonjwa ambaye presha yake inashuka akiinuka, ile hatua ya mwisho ya kukaa ifanywe polepole na mtu akiwa amemshika, la sivyo atazimia halafu aitupie lawama tiba ya sikio.

Nitroglisereni ilifundishwa upya, kwa maneno ambayo mkewe aliyarudia mbele ya muuguzi: ni ya maumivu ya kifua, si ya kizunguzungu. Kaa chini kwanza. Kimoja. Subiri dakika 5. Maumivu yasipokwisha, hospitali.

Na kulikuwa na mambo ya kila siku. Kabla ya kutoka kitandani anywe glasi 2 za maji, jumla karibu nusu lita, jambo lililoruhusiwa kwa kuwa hana moyo uliojaa maji. Akiwa bado amelala akunje na kunyoosha vifundo vya miguu mara 20, akae ukingoni dakika 2, ndipo asimame. Miguu ya kitanda upande wa kichwani ikawekewa matofali, kimo cha sentimita 15. Sahani kubwa ya wali wa mchana ikagawanywa mara mbili, na baada ya kula akae, maana damu inakimbilia tumboni. Asioge maji ya moto akiwa amesimama. Kizunguzungu kikija akiwa njiani, avuke miguu kama mkasi, akaze mapaja na makalio, akunje ngumi. Kisipopita akae hapo hapo, hata kama ni chini kwenye vumbi. Aswali kwenye kiti mpaka presha ya kusimama itulie. Chumvi hakuambiwa aongeze, ingawa wenye presha ya kushuka huambiwa hivyo, kwa sababu ana historia ya presha ya kupanda. Soksi za kubana zilijaribiwa, na joto la pwani likazishinda ndani ya siku chache.

Familia ilipewa pia karatasi ya mambo yasiyosubiri miadi: kizunguzungu chenye maumivu ya kifua au jasho la baridi, kuzimia, kugonga kichwa (hata akijiona mzima, kwa sababu ya dawa mbili za kuzuia damu kuganda), choo cheusi, mdomo kwenda upande, ulimi mzito, kuona viwili viwili, au kushindwa kutembea ghafla. Haya ya mwisho ni dalili za kiharusi.

Matokeo ya kwanza

Kuzunguka kwa nyumba kuliisha baada ya Epley ya pili, iliyofanywa wiki moja baada ya ile ya kwanza. Wiki 5 tangu Lasix iondolewe, presha akiwa amelala ilikuwa 138/82 na baada ya dakika 3 za kusimama 126/78, mapigo 62. Uzito haukupanda. Kuingia giza akiinuka kukawa kwa nadra, na hakuanguka tena.

Lakini alipoulizwa kama amepona, alisema hapana.

Kizunguzungu kilichobaki

Kilichosalia ni kule kuyumba. Kichwa kizito, ardhi kama godoro, karibu kila siku, kwa saa nyingi. Akilala kinapungua. Kinazidi akisimama kwenye foleni, akipanda daladala, na zaidi ya yote sokoni, watu wakipishana mbele yake na khanga za rangi zimening'inizwa kila upande. Mwezi wa 5 kilikuwa bado kipo. Presha iliyopimwa kikiwa kimemshika ilikuwa nzuri, Dix-Hallpike safi, ECG ile ile. Familia ikachanga fedha za CT-scan ya kichwa, ikatoka safi. Fedha hizo zingekaa vizuri zaidi kwenye nauli za mazoezi, maana CT haioni vizuri sehemu ya nyuma ya ubongo, na mgonjwa hakuwa na dalili yoyote ya neva.

Hali hii inajulikana. Mwaka 2017 Chama cha Bárány, ambacho ni cha kimataifa cha wataalamu wa mizani ya mwili, kilikubaliana vigezo vyake: kuyumba au kutokuwa imara siku nyingi kwa miezi 3 au zaidi, kunakozidishwa na kusimama, na mwendo, na mandhari yenye mambo mengi, kukianza baada ya tukio lililovuruga mizani au ugonjwa mzito. Mgonjwa alikuwa na yote. Mwili uliozimia na kuzungushwa kwa wiki kadhaa umejifunza kujilinda: misuli imekaza, macho yamepewa kazi ya miguu, kila hatua inachungwa. Tatizo la awali limeondoka, ulinzi umebaki. Si uongo na si udhaifu wa imani, na alihitaji kuambiwa hivyo na daktari, mkewe akisikia.

Mpango ulikuwa mazoezi, mara 3 kwa siku, dakika 10 kila mara. Kadi yenye herufi moja kubwa, ameinyoosha mbele kwa urefu wa mkono, macho yasitoke kwenye herufi huku kichwa kikigeuka kulia na kushoto kwa sekunde 30, baadaye dakika 1. Kusimama kwenye kona ya ukuta miguu ikiwa pamoja, macho wazi, kisha yamefumbwa, sekunde 30. Kutembea koridoni akigeuza kichwa kila hatua ya tatu. Kukaa barazani akitazama bodaboda zinavyopita, bila kukwepesha macho. Kwenda sokoni saa 1 asubuhi kabla halijachangamka, dakika 5, halafu 10, halafu saa za watu. Kipimo cha kutosha ni hiki: zoezi lilete kizunguzungu kidogo kinachotulia ndani ya dakika 15 au 20. Lisipoleta kabisa ni jepesi mno. Likimlaza kutwa, limezidi. Na matembezi ya tambarare, saa 12 asubuhi au saa 11 jioni, dakika 5 mara mbili kwa siku, akiongeza dakika 2 kila baada ya siku chache, mwendo wa kuweza kuzungumza bila kuhema.

Alipendekezewa pia setralini, dawa ya sonona na wasiwasi, ya dozi ndogo, inayosaidia baadhi ya wenye hali hii. Alikataa, na kliniki haikumsukuma, kwa kuwa ikichanganyika na aspirini na klopidogreli inaongeza uwezekano wa kuvuja damu. Walikubaliana kuyapa mazoezi wiki 8 kwanza. Ramadhani iliangukia humo. Alishauriwa asifunge mwaka huo, na mambo ya kulipa akayapeleka kwa shehe wake.

Wiki 3 za mwanzo alizidi kuyumba, akataka kuacha. Hilo ni la kawaida na angepaswa kuonywa mapema kuliko alivyoonywa. Kufika wiki ya 8, kizunguzungu alichokuwa akikipa 8 kati ya 10 kilikuwa 4. Mwezi wa 10 tangu mshtuko kilikuwa 2 au 3, na siku mbaya moja moja, hasa akikosa usingizi. Anatembea dakika 35, anaswali akisimama, sokoni anakwenda mwenyewe. Siku mbaya ameshajua la kufanya: anapima presha mara moja, akiikuta nzuri haipimi tena siku hiyo, anafanya mazoezi nusu, anatoka kutembea hata kama ni kidogo.

Uchambuzi

Kisa hiki kilicheleweshwa na sentensi moja: moyo uko sawa. Ilikuwa kweli na haikumsaidia, kwa sababu haikufuatwa na swali la pili. Presha ya kulala na kusimama inachukua dakika 10 na mashine iliyopo kila zahanati. Angepimwa hivyo alipokwenda mara ya kwanza, huenda asingeanguka jikoni, na familia isingegusa klopidogreli. Kupima akiwa amekaa kulificha kila kitu.

La pili ni karatasi ya kuruhusiwa. Dawa za moyo ziliandikwa vizuri na waliozijua, lakini zikarundikwa juu ya dawa za zamani ambazo hakuna aliyeziuliza. Kila dawa ya zamani inahitaji neno moja mbele yake: endelea, badilisha au acha. Nitroglisereni nayo ilitolewa bila mgonjwa kuambiwa akae chini kwanza.

Kauli ya wasiwasi ilikuja mapema mno, na hapo ndipo inapodhuru. Wasiwasi alikuwa nao, na mwishoni hofu ilikuwa sehemu ya ugonjwa. Lakini ilipotamkwa kabla ya vipimo ilimfunga mdomo. Habari ya chumba kuzunguka usiku hakuirudia kwa mwezi mzima. Ilipotamkwa baada ya vipimo, kama maelezo ya jinsi mizani inavyovurugika, aliipokea.

Kilichofaa zaidi ni kugawa kizunguzungu katika mafungu na kutibu kila fungu kwa tiba yake, na kubadili dawa moja moja ili ijulikane ipi imeleta nini. Njia hiyo ni ya polepole. Mgonjwa alilalamika kwamba angepunguziwa zote siku moja angepata nafuu mapema, na huenda ni kweli, ila asingejua aache ipi na abaki na ipi. Mfuko wa dawa uliomwagwa mezani ulizaa zaidi ya CT-scan.

Mke alikuwa akimzuia kutoka nje kwa mapenzi, na kila wiki ya kukaa ndani ilikuwa ikimwongezea ugonjwa. Alipopewa kazi yake, ya kuhesabu sekunde za zoezi na kutembea naye hatua moja nyuma, mambo yalikwenda kwa kasi zaidi. Angeingizwa kwenye mpango tangu wiki ya 9, muda mwingi ungeokolewa.

Yaliyo mbele: miezi 12 ikitimia klopidogreli itaachwa na aspirini itabaki; bisoprololi itajadiliwa upya kwa eko mpya; na kabla ya kugusa lolote presha itapimwa amelala, kisha amesimama.